Mashine Zetu, Amri za Wengine

Huenda wako wasomaji watakaostaajabu kuikuta habari ya kompyuta ndani ya kitabu cha insha za utamaduni wa taifa. Watasema kwamba utamaduni ni ngoma, ni lugha, ni jando na miiko, na kwamba mambo ya mashine yangeachiwa mafundi. Mawazo hayo tunayapinga tangu mwanzo. Utamaduni wa watu ni jumla ya namna wanavyoishi na kufanya kazi, na miongoni mwa mambo yanayoutambulisha ni jinsi mtu anavyohusiana na chombo chake cha kazi: nani anakirekebisha, nani anaamua kibadilishwe lini, na nani mwenye kauli ya mwisho juu yake. Mvuvi ana kauli juu ya ngalawa yake. Mshonaji wa barazani ana kauli juu ya cherehani yake; ikiwa ni Singer iliyonunuliwa na babu yake na ingali inashona, hakuna mtu atakayetoka kiwandani usiku wa manane, akafungua mlango, akabadilisha sindano na mkanda, kisha akaacha ujumbe kwamba kuanzia kesho itashona kwa namna nyingine.

Kwa kompyuta jambo hilo hutendeka. Na lililo baya zaidi ni kwamba tumezoezwa kuliona kuwa ni la kawaida.

Tueleze kwanza maneno, ili tusije tukabishana na kivuli. Chuma cha kompyuta peke yake hakifanyi kitu. Ndani yake umo mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayoziamrisha programu nyingine zote, inayofungua mafaili, inayozungumza na mashine ya kuchapia na kupokea kila herufi tunayoipiga. Kompyuta nyingi za mezani na za mapajani zilizomo katika ofisi na shule zetu huendeshwa na mfumo uitwao Windows, mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kampuni hiyo hutuma mabadiliko ya namna mbili kwa njia ya intaneti. Namna ya kwanza ni kiraka: tundu limegunduliwa ambamo mwizi anaweza kupenya, na kampuni inaleta kipande cha kuliziba. Namna ya pili ni toleo jipya la mfumo mzima. Kiraka ni kuondoa bati moja linalovuja na kupigilia jingine. Toleo jipya ni kubomoa nyumba na kujenga nyingine yenye milango upande mwingine. Watetezi wa kulazimishwa huyachanganya mambo haya mawili, na sehemu kubwa ya hoja yao hupata nguvu kutokana na mchanganyiko huo.

Hebu tuyatazame yaliyotokea. Tarehe 29 Julai 2015 Microsoft ilitoa Windows 10, ikatangaza kwamba wenye Windows 7 na Windows 8.1 wangepewa bure kwa muda wa mwaka mmoja. Zawadi si kosa. Kosa lilianza pale mpewa alipokataa. Kwanza kilitokea kijialama pembeni mwa kioo kikimwalika mtu aipokee zawadi, na wengi waliokiondoa walikiona kimerudi. Kisha, mnamo Septemba ya mwaka huo, kampuni ikakiri kwamba mafaili ya toleo jipya, yenye uzito wa gigabaiti kati ya 3 na 6, yalikuwa yakipakuliwa hata katika mashine za watu ambao hawakuyaomba. Februari 2016 toleo hilo likahamishiwa katika orodha ya masasisho yanayopendekezwa, ambayo mashine nyingi zilikuwa zimepangwa kuyapokea zenyewe. Mei ikaja na hila kubwa kuliko zote. Tangu Windows ya mwaka 1995, alama ya X katika pembe ya juu ya dirisha ilikuwa na maana moja: funga, sitaki. Katika dirisha lililotangaza saa ya kubadilishiwa mfumo, kubofya X hakukuhesabiwa kuwa ni kukataa. Ratiba ilibaki palepale, na saa ilipofika mashine ikabadilishwa.

Sisi tunao utaratibu wa kale wa hodi. Mgeni husimama nje, akabisha mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka, hata kama amebeba kapu la zawadi, na hata kama anaona moshi ukifuka jikoni. Ukimya haukubaliwi kuwa ni karibu, sembuse mlango unaofungwa mbele ya uso wake. Mtoto wa miaka 5 hufundishwa jambo hili na bibi yake. Kampuni yenye mawakili wa kila namna ilijifanya hailijui.

Matokeo hayakukawia. Aprili 2016, katika kituo cha televisheni cha KCCI cha mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, mtangazaji wa hali ya hewa alikuwa akiwaonyesha watazamaji ramani ya mvua, mara ramani ikafunikwa na tangazo la kumhimiza abadilishe mfumo. Watu walicheka, naye mtangazaji akalichukua kwa mzaha. Lakini mwanamke mmoja mwenye wakala wa safari huko Sausalito, California, hakucheka: mashine ya kazi yake ilijaribu kujigeuza kuwa ya Windows 10, ikashindwa, ikawa nzito na ya kusitasita kwa siku nyingi za msimu wake wa biashara. Alikwenda mahakama ya madai madogo, akashinda, na mwaka 2016 Microsoft ikamlipa dola 10,000 baada ya kuiacha rufaa yake. Na hapa barani kwetu, katika hifadhi ya Chinko iliyoko Jamhuri ya Afrika ya Kati, wahifadhi waliokuwa wakipambana na majangili walilalamika mwaka huohuo kwamba kompyuta waliyopewa kwa msaada ilianza kuipakua Windows 10 kwa njia ya setilaiti, njia ambayo kila kipimo chake hulipiwa kwa bei kubwa, na ambayo ndiyo iliyowaunganisha na askari waliokuwa porini. Msomaji apime mwenyewe tofauti iliyopo baina ya mtu aliyeharibiwa kipindi cha televisheni na mtu aliye msituni akikabiliana na wenye bunduki.

Mwishoni mwa mwaka 2016 mkuu wa masoko wa Microsoft, Chris Capossela, alikubali hadharani kwamba katika suala la ile X walikuwa wamevuka mpaka. Agosti 2017, baada ya kushtakiwa na kituo cha kuwatetea walaji cha jimbo la Baden-Württemberg nchini Ujerumani, kampuni ilijifunga kwa maandishi kwamba haitapakua tena mafaili ya mfumo mpya katika mashine za watu bila ridhaa yao. Tunayataja haya kwa sababu wapo wenzetu ambao kila lawama ikitolewa juu ya kampuni kubwa ya ng'ambo hudhani kwamba ni chuki ya mtu asiyejua mashine. Wenye kosa wenyewe walikwisha kulikiri, na wala si hapa kwetu lilikoanzia.

Sasa tuingie katika hoja za wapinzani wetu, maana wanazo, na moja yao ni nzito.

Wanasema kwamba mtumiaji akiachiwa hiari hatasasisha kamwe, na kwamba uzembe wake utawadhuru na wengine. Mfano wao ni wa Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipoenea duniani kikifunga mafaili na kudai fidia. Hospitali nyingi za huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza zilivurugikiwa, wagonjwa wakarudishwa na matibabu yakaahirishwa. Kiraka cha kuliziba tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Hoja hii hatuikwepi. Anayekataa viraka anaacha mlango wazi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi, na mwizi atakayeingia kwake atawafikia na majirani. Tena tunawaonya vijana wetu wanaojigamba kwamba wameyazima masasisho yote: huo si uhuru.

Lakini angalia hoja yenyewe inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba kiraka kinahitajika. Haithibitishi kwamba pamoja na kiraka mtu alazimishwe kupokea sura mpya ya kioo, matangazo ya biashara, akaunti asiyoitaka na programu ambazo hakuziomba. Kwa hakika Microsoft ilitoa kiraka cha WannaCry hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imekwisha kuachwa tangu tarehe 8 Aprili 2014. Maana yake ni kwamba nyumba ya zamani inaweza kuzibwa tundu bila kubomolewa, mwenye mali akitaka.

Isitoshe, hoja ya usalama hudai kwamba anayetuma hakosei. Hukosea. Toleo la Windows 10 la Oktoba 2018 lilifuta nyaraka za baadhi ya watu, na likasimamishwa siku chache baada ya kutolewa. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni nyingine, CrowdStrike, inayouza programu za ulinzi, ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kompyuta zenye Windows zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5 zikazimika na kukataa kuwaka. Ndege zikabaki uwanjani, hospitali na benki zikasimama katika nchi nyingi. Hakuna aliyebofya kitu. Hakuna aliyefanya uzembe. Sasisho lilijiingiza lenyewe, kama lilivyopangwa, na kwa sababu liliingia kila mahali kwa wakati mmoja halikubakiza mashine za kunusurika. Mkulima yeyote wa nchi hii anajua kwa nini hapandi mbegu moja ngeni katika shamba zima msimu wa kwanza.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nyepesi, lakini ndiyo isikikayo zaidi katika vyumba vya walimu: kwamba hayo ndiyo maendeleo, na maendeleo hayazuiliki. Hii ni kasumba. Neno maendeleo limegeuzwa kuwa rungu la kumnyamazishia anayeuliza. Oktoba 2012 Windows 8 ilitoka ikiwa imeondolewa kitufe cha Start, kitufe ambacho kila mwanafunzi wa kompyuta ulimwenguni alikuwa amefundishwa kuanzia hapo. Watu walipiga kelele. Oktoba 2013, katika Windows 8.1, kitufe kikarudi. Mwaka 2021, katika Windows 11, kilisogezwa kutoka pembeni kikawekwa katikati. Kuondolewa kwake kuliitwa maendeleo, na kurudishwa kwake kukaitwa maendeleo vilevile. Mwalimu aliyekuwa ameandaa mafunzo kwa mwaka mzima alilazimika kuyaandika upya kwa ajili ya kitufe kilichokuwa matembezini.

Na ahadi zao ni za namna gani? Mei 2015, katika mkutano wa wataalamu, mfanyakazi mmoja wa Microsoft alitamka kwamba Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho, kwamba kuanzia hapo ingekuwa ikiendelezwa tu. Maneno hayo yalienea duniani, na wengi waliyachukua kuwa ni mapatano. Tarehe 5 Oktoba 2021 ikatoka Windows 11. Safari hii mlango ulikuwa umegeuzwa: si kwamba kila mashine ililazimishwa kuingia, bali mamilioni ya mashine zilizokuwa nzima zilizuiwa zisiingie. Windows 11 inadai kompyuta iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na prosesa ambazo kwa zile za kampuni ya Intel, ukiacha chache, huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikakatiwa viraka vya kawaida. Kundi la kutetea walaji la Marekani liitwalo PIRG lilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 400 zingebaki bila njia ya kuhamia.

Hapo ndipo lile neno kulazimishwa linapoonyesha sura yake ya pili. Mtu mwenye kompyuta ya mwaka 2015, inayowaka, inayochapa barua na kufungua vitabu vya hesabu bila kasoro, aliambiwa achague: anunue nyingine, au akae nyumba isiyo na komeo. Hakuna aliyemshika mkono kwa nguvu. Lakini huyo naye amelazimishwa, sawasawa na yule ambaye mashine yake iligeuzwa usiku. Ndipo mtu anapotambua kwamba alichokilipia dukani ni chuma. Ule mfumo uliomo ndani hakuununua, alipewa leseni ya kuutumia kwa masharti ambayo mwenye mali anaweza kuyabadilisha. Wahenga walikwisha kusema juu ya nguo ya kuazima, na hatuna haja ya kuumalizia usemi huo mbele ya wanafunzi.

Palikuwapo na njia ya muda. Mtu binafsi aliweza kupata viraka kwa mwaka mmoja zaidi, mpaka Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30, au bila kulipa iwapo angekubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwa kampuni kupitia akaunti yake. Vyama vya walaji vya Ulaya vilipinga. Kwa hiyo wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya walipewa mwaka huo bila malipo na bila sharti hilo la kuhifadhi mipangilio, ingawa akaunti bado walitakiwa wawe nayo. Sisi wa huku tuliachiwa masharti ya awali. Ni lazima tuseme na lililo la haki: shule zenye mikataba ya elimu na kampuni hiyo zilipangiwa bei ndogo, dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili na 4 mwaka wa tatu. Lakini shule iliyopokea kompyuta kutoka kwa wafadhili, zisizo na mkataba wala hati, imo katika kundi gani? Nasi tunajua kwamba shule za namna hiyo ni nyingi.

Huko Ulaya hata simu zilitazamwa. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung milioni 5, kwa kuwahimiza wenye simu wapokee masasisho yaliyozifanya zizorote. Februari 2020 Ufaransa ikaitoza Apple euro milioni 25 kwa kutowaambia wanunuzi kwamba masasisho ya mfumo yangeweza kuzifanya iPhone za zamani ziwe nzito. Hatutaji mambo haya ili tuipambe Ulaya. Ina dhambi zake. Tunayataja kwa kuwa yanaonyesha kwamba amri za kampuni si kama masika na kiangazi. Zikipingwa kwa sheria na kwa sauti ya pamoja, hurudi nyuma.

Tuje sasa shuleni, maana ndiko tuliko. Tuchukue shule ya sekondari ya kata yenye kompyuta 20 za msaada, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika miaka 5 au zaidi katika ofisi za ng'ambo. Intaneti yake ni kifurushi kinacholipiwa kutoka katika mfuko mdogo wa shule. Sasisho moja la gigabaiti 4 likipakuliwa na kila mashine ni gigabaiti 80, na hapo hakuna mwanafunzi aliyesoma hata ukurasa mmoja. Katikati ya kazi hiyo umeme unakatika, na kioo kilichokuwa kimeandika kwamba usizime kompyuta hakikuwa na njia ya kuiambia gridi ya taifa vivyo hivyo. Umeme ukirudi mashine mbili haziwaki. Waliobuni utaratibu huu hawakuwa na nia mbaya juu ya shule ile. Hawakuifikiria hata kidogo. Waliwaza nyumba yenye umeme usiokatika na intaneti isiyopimwa, wakaiita nyumba hiyo ulimwengu.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko ya fedha imo katika mafundisho yenyewe. Somo la kompyuta katika shule nyingi limekuwa ni kukariri: bofya hapa, kisha pale, kisha chagua cha tatu kutoka juu. Mwanafunzi huyo hafundishwi kompyuta. Anafundishwa mahali zilipo samani katika sebule ya mtu mwingine, na siku mwenye sebule anapozihamisha, elimu yake inafutika. Mwenzake aliyefundishwa faili ni nini, kumbukumbu ni nini, mfumo wa uendeshaji unagawa vipi kazi za mashine, ataketi mbele ya toleo lolote akachungulia, akaelewa. Sehemu hii ya lawama ni yetu walimu na watunga mitaala, wala hatuwezi kuipeleka Marekani.

Na suala la lugha? Taifa lililotafuta istilahi za bunge, za mahakama na za shule kwa Kiswahili halikuwa na sababu ya kushindwa katika kompyuta, na kwa kweli halikushindwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zenye maneno ya Kiswahili kila mahali. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu ile ilikuwa huria: matumbo yake yako wazi, na mtu yeyote ana haki ya kuyafungua, kuyatafsiri na kuyabadilisha bila kuomba ruhusa ya mwenye mali. Kwa mfumo uliofungwa, Kiswahili huwa mgeni anayeketi pale alipoonyeshwa, na toleo linalofuata linaweza lisimwekee kiti.

Wapo watakaodhani kwamba tunataka kuurudisha mwaka 1974. Mwaka huo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya uzoefu wenye gharama kubwa na faida haba katika Wizara ya Fedha, ambako kompyuta ya kwanza nchini ilikuwa imefungwa mwaka 1965. Marufuku ile leo huchekwa. Sisi hatuicheki, wala hatuitetei. Iliwanyima vijana wetu miaka ya kujifunza, na hilo lilikuwa kosa. Walakini swali lililoizaa halikuwa la kijinga: mashine hii inamtumikia nani, na ikituharibia mahesabu nani ataitengeneza? Tuliifuta marufuku, na ilikuwa sawa. Lakini pamoja nayo tukalifuta na lile swali, tukawa watu wa kupokea chochote kinachoshushwa bandarini.

Tunalotaka ni kwamba swali lile liulizwe upya, na liulizwe na watu wanaotia saini. Serikali inunuapo maelfu ya kompyuta ni mteja mkubwa, si muombaji. Inaweza kudai katika mkataba kwamba viraka vitolewe kwa miaka iliyotajwa kwa tarakimu, mbali na matoleo mapya, na kwamba toleo jipya lisiingie bila idhini ya maandishi. Tume ya Ushindani ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Malalamiko ya shule 100 yaliyoandikwa vizuri yangeipa kitu cha kushika. Vyuo vya ualimu vingeweza kumfundisha kila mwalimu wa kompyuta kuweka mfumo wa Linux katika mashine iliyokataliwa na Windows 11. Mifumo hiyo haina utakatifu: mashine nyingine za kuchapia huikataa, nyaraka zilizoandikwa kwa Word mara nyingine hupindika, na fundi wa mtaani hajaizoea. Hata hivyo Ubuntu, kwa mfano, katika matoleo yake ya muda mrefu, hupewa viraka kwa miaka 5, na kuhamia toleo jipya kunangoja uamuzi wa mwenye mashine.

Jambo moja halihitaji kungoja wizara wala tume. Windows 10 imekatiwa viraka, na ofisi za nchi tajiri zinazitoa mashine zao za zamani kwa wingi. Baadhi zitaletwa kwetu zikiwa zimefungwa utepe, na kutakuwa na hotuba na picha. Mkuu wa shule, kabla hajatia saini hati ya kuzipokea, amwombe mfadhili orodha yenye kizazi cha prosesa ya kila mashine, jina la mfumo uliomo ndani na tarehe ambayo viraka vyake vinakoma. Orodha hiyo haichukui zaidi ya ukurasa mmoja. Mfadhili asiyeweza kuiandika arudi nayo siku nyingine, na mashine zake zimngojee garini.